Herufi Iliyoanguka

Aliyemwambia kwanza ni tarishi, yule mzee mrefu ambaye ofisi nzima humwita Miguu kwa sababu hajawahi kupanda lifti, ndiye aliyemwambia juzi, pale kwenye mashine ya kutoa nakala, kwamba mawakili huwa wanasaidia watu bila malipo, tena ni sehemu ya kazi yao, kwani hukujua, Mama Kijino, miaka miwili unafuta vumbi la sheria na sheria haijakusalimia hata siku moja, akacheka kile kicheko chake cha puani, akasema mwambie Mkubwa, usiogope, mawakili hawaumi mtu bila kulipwa, na sasa hapa, ameinamisha chupa ya chai juu ya kikombe cha kwanza katika chumba cha mikutano, maneno hayo yalikuwa bado yanamzunguka kichwani kama nzi aliyefungiwa ndani ya gari, bila malipo, bila malipo, ina maana siku ile, siku ile yote mahakamani, alipokaa peke yake kwenye benchi kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe, alikuwepo mtu ambaye angeweza kukaa kando yake, na mtu huyo alikuwa hapahapa, ghorofa ya tatu, anakunywa chai aliyoichemsha yeye... kikombe cha kwanza ni cha Mkubwa, maziwa kidogo, sukari hapana, anavijua vikombe vyao vyote, anajua nani ana vidonda vya tumbo na nani anatafuna kalamu, nao wanamjua kwa jina moja, dada, dada chai, dada pale pamemwagika. "Tuingie ajenda ya nne," Mkubwa alisema, "shughuli yetu ya kujitolea mwaka huu," na chai ikamruka tone moja kwenye kisahani, akaifuta upesi kwa kidole gumba kabla hajaonwa, ajenda ya nne, kumbe wana ajenda, kumbe jambo lenyewe lina namba.

Ukutani, nyuma ya kichwa cha Mkubwa, kilikuwepo kile cheti, Cheti cha Kutambua Huduma kwa Jamii, anakifuta kila asubuhi kwa kitambaa kikavu maana cha maji huacha michirizi, amekisoma chote mpaka nukta zake, na hakuwahi kukielewa, au alikielewa kwa macho, kwa sababu kando yake ipo picha ya wao wote wamevaa fulana za rangi moja na kofia, wameshika brashi, wanapaka rangi ukuta wa shule, basi yeye akaona huduma kwa jamii ni hiyo, rangi na fulana, kama vile harusi ni keki, na nani angemwambia vinginevyo, hakuuliza, kuuliza si ujinga lakini kunahitaji mdomo, na mdomo wake tangu utotoni hufunguka pale tu mlango unapokuwa umeshafungwa. "Mimi nasema turudie rangi," alisema yule mwenye miwani inayoning'inia shingoni kwa kamba, ofisini wanamwita Miwani hata akiwa hajaivaa, "shule ile ya mwaka jana picha zilitoka vizuri sana." "Picha zilitoka," alisema wakili mdogo, yule binti mwenye sauti ya kukwaruza, "rangi haikutoka. Walimwita fundi akarudia ukuta mzima." Wakacheka, hata wale wawili waliokuwa wameinamia simu zao wakacheka bila kujua wanacheka nini, na yeye akahamia kikombe cha pili, cha Miwani, sukari tatu, moja, mbili... mafundi rangi wapo, wamejaa pale kwenye kona na brashi zao ndani ya makopo, wanasubiri kuitwa, leo wakili akipanda ngazi kupaka ukuta, fundi anakosa kazi na ukuta unakosa rangi, na karatasi ya mtu mahakamani inabaki bila msomaji, hasara tatu kwa fulana moja.

"Kwa hiyo wewe unapendekeza nini?" aliuliza Mkubwa, na wakili mdogo akasogeza kiti, akasema, "Tutoe kile tulichonacho. Kila mmoja saa mbili kwa mwezi. Tukae pale nje ya mahakama, tuwasomee watu karatasi zao kabla hawajazipeleka. Kusoma tu," na kijiko kikamganda mkononi, kusoma tu, pale nje ya mahakama, anapaona pale nje, ule ukuta mfupi, na mwamvuli mkubwa wa rangi mbili, na chini yake mpiga chapa na kompyuta yake iliyokonda, mwanamke mpole, hana ubaya, anakuuliza kesi yako huku vidole vinatembea, naye alimweleza kwa sauti ya chini kama anaungama, kwamba baba mtoto aliondoka asubuhi moja na begi la bluu, Kijino akiwa na miezi saba, hakurudi, hakutuma salamu wala sabuni, na leo, mtoto amefika miaka minne, anajua kuhesabu na kufunga viatu, ndipo baba mtu anakumbuka kwamba ana damu, yeye na mama yake wanamtaka mtoto, na mpiga chapa akatikisa kichwa, akasema pole mdogo wangu, wanaume hawa, wakikuta ugali umesongwa ndiyo wanajua njia ya jikoni, na akawa anapiga, na yeye aliona, aliona kwa macho yake kwamba kitufe cha w kimelegea, mpiga chapa alikuwa akikigonga kwa nguvu, akasema hiki kimechoka kama mimi, wakacheka wote wawili, walicheka, Mungu wangu, walikicheka kitufe.

"Saa mbili za nani?" Miwani alisema, "sukari, dada," na yeye akashtuka, ilikuwa ya tatu au ya nne, hajui, akatia, "saa mbili zangu zina wateja wanaozisubiri. Halafu nyie hamjui hawa watu. Ukimsaidia mmoja, kesho anakuletea ukoo mzima, na jirani, na kesi ya mbuzi wa jirani. Cha bure hakina heshima." Cha bure hakina heshima... basi mwalimu wake wa darasa la nne hakuwa na heshima, yule aliyebaki darasani kengele ikishalia, kila Jumatano, na wale watoto sita ambao herufi ziliwakimbia, hakuna aliyemtuma, mke wake alikuwa akija mlangoni na mtoto mgongoni kumwuliza leo nako unalala hapa, naye anasema dakika tano tu, anaendelea na imla, na yeye alikuwa mmoja wa wale sita, ndiyo, yeye ambaye baadaye hakuna aliyemshinda kwa imla shule nzima, alianzia mkiani, mwalimu alimshika mkono kwa kalamu nyekundu, akamwambia herufi ni kama mtoto sokoni, ukiiachia mkono hutajua imekwenda na nani, na aliyasema hayo bila fulana, bila kofia, bila picha, na alichompa ndicho kitu pekee alichotoka nacho pale, darasa la saba likaisha, mlango ukafungwa, lakini imla alibaki nayo, hawezi kupita kwenye kibao cha duka bila kukisahihisha moyoni... kikombe cha tatu, cha wakili mdogo, chai ya rangi, tangawizi, na wakili mdogo akasema "ahsante dada" bila kuinua macho, lakini alisema.

Na ile imla aliitumia siku ile, hapo ndipo penye nyongo, aliitumia, alikuwa benchini anasubiri kuitwa na kando yake alikaa mzee mwenye fimbo, macho yameingia ukungu, akamwambia mwanangu hebu nisomee, naona wameandika lakini sioni walichoandika, naye akamsomea kwa sauti ndogo, taratibu, kidole chini ya mstari kama alivyofunzwa, mpaka akafika mahali palipoandikwa niliuzia shamba, akasimama, akarudi nyuma, akauliza babu, shamba hili uliuza au uliuziwa, mzee akasema niliuziwa, mama, niliuziwa kwa jasho langu, mimi ndiye mnunuzi, basi akamwambia babu, hapa pameanguka w, hapa umesema wewe ndiye uliyeuza, na mzee akakamata fimbo kwa mikono miwili, akanyanyuka, akarudi chini ya ule mwamvuli kwa mwendo ambao hukudhania magoti yake yanao, akarudi na karatasi mpya ina joto bado, akakaa, akasema wewe ni wakili, akasema umeniokoa mimi na wajukuu zangu, na yeye akaona aibu ile ya furaha, akainamisha uso, na ilimchukua muda gani, hakuna, muda wa kumenya chungwa, na hapo hapo, angali anaona aibu, jina lake likaitwa, akainuka na karatasi yake mkononi, hajaisoma, kwa nini aisome, si aliiona ikipigwa, si maneno yake mwenyewe, kinyozi hajinyoi, akaingia.

"Tena tuseme ukweli," Miwani alikuwa anaendelea, ameivaa miwani yake sasa, "matatizo mengi wanajiletea wenyewe. Watu hawasomi hata wanachosaini," na chai ya kikombe cha nne ikafika ukingoni, akainua chupa kwa wakati, haikumwagika, watu hawasomi, kweli, bwana, kweli kabisa, watu wengine husoma ya wenzao wakasahau yao, watu wengine husikia yao ikisomwa na mwingine, wakili wa baba mtoto, mwenye kola nyeupe kama karatasi yenyewe, alisimama na kuisoma polepole mbele ya hakimu, mtoto akiwa na miezi saba niliachia mtoto bila msaada wowote, akarudia kama anayeonja, niliachia mtoto, mheshimiwa, kwa maneno yake mwenyewe, mama huyu anakiri kwamba aliachia mtoto wa miezi saba, bila msaada wowote... na yeye pale alijua, sekunde ileile alijua, aliisikia ile w ilipokosekana kama mtu anavyosikia ngazi iliyokosekana gizani, mguu unakwenda chini haukuti kitu, niliachiwa, alitaka kusema, niliachiwa, mimi ndiye niliyeachiwa, ingeanguka kwenye wangu ikawa angu kila mtu angeona kosa akacheka, lakini ilianguka pale ambapo neno hubaki zima, halichechemei, lina afya yake, linasimama na kusema uongo, na hakimu akamtazama juu ya miwani, kwa upole, ndiyo, hata kwa upole, akamwuliza, mama, una la kusema, na yeye akasema hapana, mheshimiwa.

Hapana, mheshimiwa. Maneno mawili, bila kosa hata moja la herufi. Kwa nini, amejiuliza siku ishirini na tatu, akikamua tambara la kudekia amejiuliza, kwa nini, na jibu ni dogo na lina aibu, aliona ni utovu wa adabu, mtu wa darasa la saba kusimama mbele ya watu waliosoma hadi wakazeeka akawaambia mmekosa herufi, aliona watacheka, alidhani labda wao wanalijua neno hilo kwa namna nyingine, ya kisheria, ambayo yeye haijui, na kama angekuwepo mtu mmoja kando yake, mmoja tu mwenye koti jeusi, hata asiwe hodari, hata awe mvivu mwenye usingizi, angemnong'oneza tu huyo, pameanguka w, na huyo angesimama akasema kwa sauti kubwa kile alichonong'onezwa, hicho tu, hakuhitaji kupendwa wala kuhurumiwa, alihitaji mdomo wa kuazima... na Kijino sasa yuko kwa bibi yake mzaa baba, mtoto yule aliyeota jino miezi minne hajatimiza watu wakasema mtoto huyu ana haraka, yuko nyumba yenye geti, kila Jumamosi wanaruhusiwa kuonana kwa saa mbili, kwenye veranda, bibi kakaa mlangoni anachambua mchele na masikio yote mawili yako huku, na Jumamosi iliyopita mtoto alimfunga na kumfungua kamba za viatu mara kumi, halafu akasema bila kuinua uso, mama, bibi amesema uliniachia, kwa nini uliniachia, neno lilelile, limetoka kwenye karatasi likapanda ngazi likaingia kinywani mwa mwanawe, na yeye, fundi wa imla, alishindwa kumsahihisha, unamwambiaje mtoto wa miaka minne kwamba pameanguka herufi.

"Ngoja nikuulize," wakili mdogo alisema, na sauti yake ilikwaruza zaidi, "karatasi moja ya watu wale ina mistari mingapi? Ishirini? Kuisoma ni muda gani?" "Si suala la muda," alisema Miwani, "ni suala la kanuni," na yeye akajibu moyoni, kumi na tisa, mistari kumi na tisa, ninayo hapa mfukoni mwa aproni, imekunjwa mara nne, na kuisoma ni muda huu, muda wa kumimina vikombe vitano, tangu cha Mkubwa mpaka hiki cha mwisho, hata chai ya kwanza haijapoa, huo ndio muda walioununulia kofia, huo ndio wanaoupigia kura, na akashangaa, maana hasira ilikuja ikiwa baridi, alizoea hasira yake iwe moto na machozi na kujifungia stoo ya mafagio, hii ilikuja baridi kama kioo, akaona kupitia kwayo, akaona kwamba hawa si wabaya, hilo ndilo linalochoma, wangekuwa wabaya angewachukia akapumzika, Miwani mwaka jana alimpa kanga mbili na nauli alipofiwa na mama yake, Mkubwa humwuliza mtoto hajambo, walimpa walichodhani maskini anahitaji, nguo, nauli, pole, rangi ya ukutani, na kile walichonacho wao tu, kile ambacho fundi hana na tarishi hana na duka haliuzi, hicho wamekishika kifuani kama mtu aliyeshika taa katikati ya watu wanaojikwaa, na anauliza mbona mnanikanyaga.

Mkubwa akatazama saa. Mkubwa akikohoa mara mbili jambo limekwisha, anajua, amekaa miaka miwili nyuma ya mlango huu, na Mkubwa akakohoa mara mbili, akasema, "Ni hoja nzuri. Ni hoja nzuri sana. Tutaijadili mwezi ujao," na kalamu zikaandika mwezi ujao, na yeye akahesabu bila kutaka, siku thelathini za rufaa toa ishirini na tatu, zimebaki saba, mwezi ujao Kijino atakuwa ameshazoea, mtoto huzoea, hilo ndilo baya la watoto, mwezi ujao atakuwa hamwulizi tena kwa nini, sema sasa, akajiambia, wako watano hapa, sema, mdomo ukafunguka kidogo kabisa, ulimi ukagusa meno, mficha uchi hazai, mama yake alikuwa akimwambia hivyo kila alipokosa kitu kwa kutokuomba, na yeye alizaa, mama, nilizaa, ila nimeficha mdomo nikanyang'anywa nilichozaa... "Dada," Miwani alisema, ameonja, amekunja uso, "hii umeweka sukari ngapi?" na wote wakamtazama, kwa mara ya kwanza leo wote watano walimtazama kwa pamoja, hii ndiyo nafasi, nafasi ina miguu mifupi lakini ilikuwa imesimama pale, na yeye akasema, "Samahani, bosi, nabadilisha," akachukua kikombe.

Akafika mlangoni, kikombe mkononi, chumba kilekile, sauti zilezile zimeshaingia ajenda ya tano, maegesho ya magari, cheti palepale, picha palepale, hakuna aliyejua kwamba kuna kitu kimetokea, na kwa kweli hakikutokea, isipokuwa huku ndani, ambako kitu kilichokuwa kimekunjwa mara nne kilikuwa kinafunguka, alikuwa ameomba radhi kwa sukari, aliona, kaomba radhi upesi, bila kufikiri, kwa kijiko kimoja cha sukari kilichozidi, na wao wataniomba radhi lini kwa herufi moja iliyopungua, hawataomba, hawajui, hawajui kwa sababu hajawaambia, na aliyeiona ni yeye, kati ya wote, hakimu na kola nyeupe na mpiga chapa, aliyeiona w ni yeye peke yake, basi si kweli kwamba hana kitu, si kweli kwamba anakwenda kuomba, alimpa babu wa shamba bila malipo na hakupungukiwa, sasa anakwenda kumwambia mtu mwingine mwenye kazi yake afanye yake, kama vile unavyomwambia dereva kwamba taa imewaka kijani, hiyo ni adabu, ile nyingine ilikuwa woga uliovaa kanga ya adabu... akamwaga chai ya Miwani kwenye sinki, akasuuza kikombe, akaweka sukari tatu, akazihesabu.

Kesho yake asubuhi alifika kabla ya Miguu, akafuta meza ya Mkubwa kwa kitambaa kikavu, akaikunjua ile karatasi katikati ya meza mahali ambapo huwa pana kalenda tu, na kwa penseli nyekundu, kwenye mstari wa kumi na moja, kati ya i na a, akaiweka w juu ya neno na mkia mdogo wa kuishusha mahali pake kama mwalimu alivyomfunza, na pembeni akaandika kwa mwandiko wa imla, Zimebaki siku sita, halafu akatoa ndoo nje, akavua aproni, akaketi kwenye kiti cha wateja ambacho kwa miaka miwili alikuwa amekifuta tu, na viatu vya Mkubwa vilipoanza kusikika kwenye korido, hakusimama.